Fundi Shibiri na Macho Yaliyotoka Pande Zote Mbili

Ndugu, majirani, wateja na wote mliofika kumsindikiza: wasifu uliochapwa kwenye ratiba mliyopewa getini una aya tatu, na hakuna uongo mkubwa ndani yake. Ila si wa kwake. Wa kwake ni huu unaosomwa sasa. Aliutunga mwenyewe mwezi mzima wa Mei, amekaa kitandani na mito mitatu mgongoni, akimwandikisha binti yake wa pili, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu. Akikosea neno alisema futa. Akipatia alisema hebu soma tena nisikie. Kamati ya mazishi ilipouona iliupunguza, ikasema mengine ni mambo ya ndani. Marehemu alilijua hilo mapema. Alisema, "Wasifu wa maiti ndiyo hotuba pekee ambayo hakuna mtu anayenyanyua mkono kuikatiza. Nisomeeni wote." Basi tunausoma wote. Mwenye miguu mibovu atafute kiti, maana ni mrefu kidogo.

Alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watano. Baba yake alikuwa mtunza stoo kwenye karakana ya reli, mama yake mpiga pasi kwa dobi. Mkunga aliyempokea alisema mtoto ana macho maangavu, na hakudanganya, kwa sababu ugonjwa wa nyumba hii hauji na mtoto. Unamngojea akue. Wengi wenu hamkumjua kwa jina lake la cheti, na mwenyewe aliagiza lisisomwe leo, eti lilikuwa la kusaini tu. Jina lake lilikuwa Shibiri, na lilivyopatikana mtasikia.

Alianza shule Januari 1958, akamaliza darasa la saba mwaka 1964. Alikuwa na akili nyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kufikia darasa la nne mwanga wa dirishani ulikuwa unamchoma, akahamia dawati la ukutani, akawa anakunja uso ili asome ubaoni. Mwalimu wa hesabu akadhani binti anamkonyeza. Akamsimamisha mbele ya darasa zima na kumuuliza ana maana gani. Akajibu kwamba alikuwa anatafuta kujua kama mwalimu ameandika saba au moja, maana kwa mwandiko ule hata mwenye macho mazima angepata taabu. Alifagia darasa wiki mbili. Lakini kuanzia siku ile mwalimu yule aliipiga kila saba yake kistari katikati, na wanafunzi wake wanasema aliendelea hivyo mpaka anastaafu.

Sasa inafika sehemu ambayo haimo kwenye ratiba.

Mwaka 1966 kaka yake mkubwa alianza kujigonga kwenye fremu za milango. Ukungu ulikuwa umeingia kwenye vioo vya macho yake, vile vya mbele kabisa, ukionekana hata ukimtazama kwa upande. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Shibiri. Mdogo wake wa kiume alipoanza naye kukwepa jua, mwaka 1968, wakubwa wa ukoo walikaa kikao sebuleni, kwenye viti vile vile vya mbao ambavyo bado vipo. Swali lilikuwa moja tu, macho haya yameingia kwa mlango gani. Wakajibu kwamba yameingia na mwanamke. Mama yao aliambiwa arudi alikotoka. Aliondoka asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1968, na begi la kitambaa na pasi ya mkaa, watoto watano wamepangwa mlangoni wakimwangalia, na watatu kati yao wasimwone vizuri.

Baba alioa tena mwaka uliofuata. Mke wa pili alizaa watoto wanne, macho meupe pe, hakuna hata mmoja aliyekunja uso kwa jua. Ukoo ukapumua. Ushahidi gani mwingine ungetakiwa? Baba yule yule, nyumba ile ile, mama mwingine, na watoto wazima. Kosa lile lilikaa miaka thelathini na sita bila kuguswa, kwa sababu lilionekana kama hesabu iliyokubali. Hata Shibiri mwenyewe, na hili alitaka lisomwe, kuna miaka aliliamini. Kuna siku alikwenda kumsalimia mama yake kwenye kile chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, akamuuliza, "Mama, kwa nini ulituletea haya?" Mama alimwekea chai. Shibiri alisema katika maisha yake yote hakuna neno aliloona haya nalo kuliko lile.

Mama alifariki tarehe 9 Septemba 1987. Wasifu wake ulisomwa na baba mdogo, mdogo wake baba, na ulikuwa na mistari sita. Mmoja ulisema marehemu aliondoka kwa mumewe kwa hiari yake. Shibiri aliiomba karatasi ile baada ya mazishi, akaikunja, akaiweka kwenye droo ya cherehani chini ya bobini. Akapiga moyo konde, akasema kwamba siku yake ikifika, itasomwa nyingine.

Tuseme kuhusu kazi. Ushonaji alijifunza kuanzia mwaka 1967 kwa fundi mmoja mama mkali ambaye alikuwa akifumua mshono mbovu kwa meno. Mwaka 1974 alifungua chumba chake mwenyewe mkabala na soko, mlango wa bluu, cherehani ya miguu karibu na ukuta mbali na mwanga, na kioo kirefu ambacho yeye hakukihitaji. Kufikia mwaka 1979 namba za futi kamba zilikuwa zimempotea kabisa. Mtu mwingine angefunga duka. Yeye aliitundika futi kamba msumarini, akaanza kupima kwa mkono. Shibiri yake, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, ilikuwa inchi nane kamili, haikuzidi wala kupungua, ndiyo iliyompa jina, na kwa shibiri na vidole alipima mtaa mzima: maharusi, mapolisi, makarani, walimu, na watoto wanaoanza darasa la kwanza waliotekenyeka wakacheka. Kuna karani wa posta aliyekuja na dharau zake, akisema hawezi kumpa kipofu suti ya harusi ya mwanawe. Shibiri akampitishia mkono mabegani mara moja, akamwambia bega lake la kushoto liko chini kwa upana wa kidole, na kwamba makoti yake yote yamekuwa yakimvuta upande tangu ujana. Karani alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alijitazama kwenye kile kioo, kisha akavua koti apimwe.

Aliolewa tarehe 6 Desemba 1975 na fundi saa wa mlango wa pili, mtu mpole, mwenye kioo chake cha kukuzia jichoni siku nzima. Mawifi walimwonya kaka yao kwamba atazaa vipofu. Akawajibu kwamba yeye hutengeneza saa, hatabiri. Walijaliwa watoto watatu. Katika ndoa yao ya miaka thelathini na sita waligombana kweli mara moja tu. Shibiri alikuwa na mtindo wake wa kujua rangi za nyuzi: nyeupe haina fundo, nyeusi fundo moja, bluu mawili, nyekundu matatu. Siku moja mume, katika kumsaidia, alisafisha meza na kuyafungua mafundo yote, akidhani nyuzi zimejisokota. Wiki ile suruali nyeusi ya mwalimu mkuu ilitoka imeshonwa kwa uzi mwekundu kuanzia kiunoni hadi miguuni. Mwalimu mkuu aligundua akiwa amesimama mbele ya shule nzima. Hakuirudisha, aliivaa mpaka ikachakaa, akisema suruali nyeusi kila mtu anayo. Fundi saa alikula kiapo kwamba hatagusa uzi tena mpaka anakufa, na alikitimiza, mwaka 2011, Mungu amweke pema.

Mwaka 2003, akiwa na miaka hamsini na miwili, daktari wa macho katika hospitali kubwa alimtoa kioo kilichochafuka cha jicho la kulia na kumshonea kingine, cha mtu aliyefariki ambaye familia yake ilikubali kukitoa. Hatukuwahi kuwajua watu hao. Shibiri aliwaombea kila Jumapili kwa maneno yake mwenyewe: "Na wale wa dirisha langu." Bandeji ilipofunguliwa alimtazama mumewe, akasema kumbe amezeeka hivi na yeye hakuambiwa. Jicho la pili lilifuata mwaka 2005. Mdogo wake wa kiume naye alitengenezwa. Kaka mkubwa hakuwahi, alifariki mwaka 1998 bila kuiona sura ya mjukuu wake.

Daktari yule alichukua pia damu yao, akaituma maabara. Majibu yalikuja mwezi Agosti 2004. Hapa marehemu aliagiza tusome taratibu, na tusome kila kitu.

Ndani ya mwili wa kila binadamu kuna jeni inayoitwa CHST6. Hayo ndiyo maandishi yaliyo kwenye pindo la kitambaa kilichofunika jeneza hili. Tangu asubuhi watu wanauliza kama ni chama chake cha akina mama. Si chama. Aliyashona mwenyewe mwezi Februari. Jeni hiyo ni maagizo ya kutengeneza kimeng'enya, na kazi ya kimeng'enya hicho ni kubandika salfeti kwenye nyuzi za sukari zilizomo ndani ya kioo cha jicho. Shibiri alimsikiliza daktari, akamwambia basi huyo ni fundi wa vifungo. Uzi wa sukari unakuja, yeye anaushonea vifungo vyake vya salfeti, na kioo kinakaa safi. Asipofanya kazi, nyuzi zinabaki bila vifungo, zinarundikana, na kioo kinaingia ukungu. Daktari akasema hajawahi kusikia likielezwa vizuri hivyo.

Kisha akamuuliza lile alilokuja kuuliza. "Kwa baba au kwa mama?"

Daktari akamweleza kwamba kila mtu anazaliwa na mafundi wawili wa namna hiyo, mmoja kutoka kwa baba na mmoja kutoka kwa mama. Mmoja akilala, mwingine anafanya kazi ya wote wawili, na mwenyewe hajui kitu mpaka kufa. Kioo kinachafuka wakilala wote wawili tu. "Lazima wote wawili walete," alisema. "Mmoja peke yake hawezi."

Shibiri akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba aandike, agonge na muhuri.

Kwa hiyo mama hakuleta macho peke yake. Baba alikuwa na fundi wake aliyelala, mama na wake. Mke wa pili alikuja na mafundi wawili wazima, ndiyo sababu watoto wake wakapona, wala si kwa sababu alikuwa mwanamke bora. Na kuna jingine. Bibi yake baba na bibi yake mama walikuwa watoto wa mama mmoja. Si siri hiyo, ilitajwa kwa fahari siku ya harusi yao, kwamba damu imerudi nyumbani. Mwanamke aliyefukuzwa kwa kuingiza ugonjwa kutoka nje hakutoka nje. Alitoka humu humu.

Alikwenda na barua ile kwa baba mdogo wiki hiyo hiyo, amevaa gauni jipya, mumewe nyuma yake. Baba yake mzazi alikuwa ameshafariki mwaka 1990. Baba mdogo aliisoma barua mara mbili, akaikunja. Alisema kaka yake amelala, na karatasi haziwezi kumshtaki marehemu.

Shibiri akamjibu, "Mama naye alikuwa marehemu, baba mdogo, ulipomsomea ile karatasi yako."

Aliambiwa atoke. Tangu siku ile, karibu miaka ishirini, walisalimiana kwenye misiba na harusi, habari za afya na basi. Hakuacha kumwamkia shikamoo, na yeye hakuacha kuitikia marahaba.

Tunafika kwenye ugonjwa wake. Ratiba yenu inasema aliugua kwa muda mfupi. Hapana. Moyo wake ulikuwa umechoka tangu mwaka 2022, haukusukuma damu inavyotakiwa, miguu ilivimba na ngazi tatu za duka zikawa mlima. Daktari alimkataza safari. Akatii mpaka mwezi Machi mwaka huu, siku mkamwana wa baba mdogo alipoingia dukani na binti yake wa miaka kumi na mmoja kushonewa sare. Mtoto alisimama katikati ya chumba kile chenye kiza, ameweka kiganja juu ya nyusi kama mtu aliyeko juani. Shibiri alimwita karibu, akamshika kidevu, akayatazama macho yale kwa macho aliyopewa na watu asiowajua. Akamuuliza mama mtu nyumbani wanasemaje. Mama mtu akaanza kulia. Kikao kilikuwa kimeitishwa. Mumewe ameambiwa afikirie. Begi lake lilikuwa limeshafungwa, lipo nyuma ya mlango.

Marehemu alisema kwamba hapo moyo wake mbovu ulidunda vizuri kuliko ulivyodunda kwa miaka miwili. Alimwita mume wa mkamwana, ambaye kwake ni mdogo wake, mtoto wa baba mdogo, akamkalisha kwenye kiti cha wateja. Hakumgombeza. Alimpimia suruali, akiwa amepiga magoti mbele yake na miguu yake iliyovimba, na katika kupima akamsimulia habari za pasi ya mkaa na watoto watano mlangoni. Mtu yule alitoka pale akiwa amekubali kutoa damu. Mwezi Aprili wakasafiri wote wanne kwenda hospitali, yeye, mtoto na wazazi wake wawili. Daktari wake alipomwona kwenye korido karibu amlaze hapo hapo. Shibiri akasema kwanza atangulie mtoto.

Majibu yalifika tarehe 21 Mei. Yamo mkononi humu, na wazazi wa mtoto wameruhusu yasomwe, na mtoto mwenyewe ameulizwa akasema yasomwe. Nakala mbili za CHST6 zenye kasoro. Moja kutoka kwa mama. Moja kutoka kwa baba. Na nakala ya baba ina kasoro ile ile, herufi kwa herufi, iliyokutwa kwenye damu ya Shibiri mwaka 2004. Ni ya ukoo huu. Imekaa kwenye viti vile vya sebuleni muda wote, ikiongoza vikao.

Mtoto ameshaandikishwa kliniki, na macho yake yatatazamwa mwaka hadi mwaka. Ukungu ukizidi, kioo kinabadilishwa. Hakuna haja ya mtu yeyote kufukuzwa ili hilo lifanyike.

Shibiri alifariki nyumbani tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, dirisha likiwa wazi kwa amri yake. Miaka arobaini alikuwa amekaa mgongo kwa mwanga, na tangu apate macho alikataa pazia kabisa. Neno lake la mwisho la maana lilikuwa ni kuuliza kama vifungo vya koti vimeshakazwa.

Koti hilo ni la kijivu. Amemshonea baba yake mdogo. Hakumpima, alimkadiria kwa kumtazama kwenye misiba miaka hii yote, na aliapa kwamba litamkaa. Lipo kwenye hanga, hapo nyuma ya kiti chako, baba mdogo. Mfuko wa ndani una karatasi iliyokunjwa. Ni ile yako ya mwaka 1987, mistari sita, na kalamu ipo pamoja nayo. Marehemu amesema mwandiko ni wako, kwa hiyo kurekebisha ni kwako. Amesema pia hana hasira. Kisha akasema futa hiyo, hasira ninayo kidogo, lakini koti nimelishona vizuri.

Ameomba kaburi lake liwe kando ya la mama yake, na ndiyo maana leo mmetembea mpaka upande huu wa mbali, kwenye majani.

Ameacha watoto watatu, ambao wote wanaona vizuri na wote wamebeba fundi mmoja aliyelala, nao hawaoni haya kulisema. Ameacha wajukuu saba, aliowaagiza waulize na wapimwe kabla ya kuoa au kuolewa. Ameacha mdogo wake wa kiume na dada wawili, ndugu wanne wa mama wa pili ambao nguo zao zote za harusi alizishona kwa mkono wake, baba yake mdogo, na binti wa miaka kumi na mmoja mwenye sare mpya.

Na ameacha mkamwana wa nyumba hii, aliyekaa mstari wa mbele kwa sababu marehemu ndiye aliyepanga viti. Begi lake lilifunguliwa juzi, nguo zikarudishwa kabatini, na aliyezikunja ni mumewe.

Mama, tumesoma yote. Hakuna aliyenyanyua mkono. Amani uliyoitaka ndiyo hii, pumzika nayo.